Ziwa likichafuka, mtu wa kamba kwanza

Boti ikizama karibu na ngambo ya Ziwa Kivu, mtu wa kwanza kuingia majini karibu kila mara ni mtu asiye na kitu. Hana kamba, hana jile, hana mwenzake. Ni mvuvi aliyekuwa anatengeneza wavu, ao kijana aliyekuwa anabeba mizigo bandarini. Anavua shati, anaruka. Nyuma yake wengine wanapiga kelele, wengine wanasali. Dakika kumi zikipita, ama ametoka na mtu mkononi, ama ngambo inaanza kuhesabu mtu mmoja zaidi.

Habari hii inamhusu yeye. Si kwa kumkataza, maana bila watu kama yeye ziwa letu lingekuwa limekula wengi zaidi. Ni kwa kumtafutia mtu wa pili: yule wa kubaki nchi kavu akishika kamba.

Utasema: Miti na ziwa, wapi na wapi? Kweli, hapa kwetu hatulali kando ya maji. Barabara inatoka Bukavu, inafika kwenye makutano, moja inaendelea Kavumu na Katana, ingine inapanda Tshivanga kuelekea msitu wa Kahuzi-Biega. Lakini sambaza tunayokula inatoka ziwani, ndugu zetu wa Idjwi na Kalehe wanakuja kwa maji, na mtoto wa Miti anayesoma ao kufanya biashara Goma atapanda boti siku moja ao ingine. Ziwa ni barabara yetu ya pili. Na barabara hiyo haina mtu wa kukuinua ukianguka.

Ziwa lenye mawimbi mafupi

Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa metre 1,460 hivi juu ya bahari. Lina kilometa karibu 90 kutoka kaskazini mpaka kusini, na mahali penye kina kirefu kabisa linafika metre 485. Upande wetu wa kusini ni tofauti kidogo: beseni la Bukavu halipiti sana metre 100. Lakini metre 100 ao metre 485, kwa mtu asiyegusa chini ni mamoja.

Wenye kuona bahari kwenye televizyo wanafikiri ziwa ni maji ya kupumzika, hayana wimbi la kweli. Wavuvi hawasemi vile. Wimbi la bahari linatoka mbali, ni refu, na kati ya moja na lingine kuna nafasi ya kuvuta pumzi. Wimbi la ziwa linazaliwa karibu, kwa upepo uliopo saa hiyohiyo. Ni fupi, limesimama wima, na linafuatwa mbio na lingine. Mwogeleaji anainua kichwa apumue, anapokea maji mdomoni. Anakohoa, wimbi la pili limekwisha kufika.

Kuna miezi ya kuchunga zaidi. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, upepo unavuma kwa nguvu na kuchanganya maji ya juu ya ziwa mpaka karibu metre 60 chini. Wakati wa mvua hatari ni ya namna ingine: asubuhi ziwa limelala kama sahani, mchana wingu linashuka kutoka milimani, na kwa muda mfupi kila kitu kinageuka. Na ngambo yetu mahali pengi si mchanga. Ni mawe makali, na ukipiga hatua mbili tatu hauna tena pa kukanyaga.

Aliyejitupa Bukoba

Kisa ambacho Afrika Mashariki nzima ilikisikia kilitokea kwenye ziwa ingine, Viktoria. Tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka majini karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, Tanzania, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walikufa, kati yao marubani wote wawili. Watu 24 walipona.

Wa kwanza kufika hawakuwa askari. Walikuwa wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza waandishi wa habari akiwa kitandani hospitalini jinsi yeye na wenzake walivyosaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia, watu wakaanza kutoka. Halafu akaingia majini mwenyewe, akaogelea mpaka mbele, kwenye chumba cha marubani. Kwa maelezo yake, rubani alikuwa bado hai na alimwonyesha kwa mkono avunje kioo. Akarudi kutafuta chombo cha kuvunjia, lakini akazuiwa. Akarudi tena, akafunga kamba kwenye mlango wa dharura ili boti zivute. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazimia. Alipoamka alikuwa hospitalini.

Tanzania ilimpokea kama shujaa. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji. Ni haki yake. Lakini soma kisa chake tena polepole. Kamba ilikuwepo, lakini haikuwa kamba ya kumshika yeye. Ilikuwa ya kuvuta mlango, na ndiyo iliyomwangusha. Alizimia mahali penye watu na boti, njo maana yuko hai. Angezimia peke yake upande ule mwingine wa ndege, hadithi ingekuwa ingine.

Linganisha na kisa cha miaka minne mbele yake. Tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ziwa lilelile la Viktoria. Zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye wazamiaji wa jeshi walimtoa fundi wa injini, Alphonce Charahani, akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, alikokuwa amepata nafasi yenye hewa. Wale waliingia kwa kundi, wenye vifaa. Mtu anatolewa hai kisha siku mbili kwa sababu kuna kundi. Mtu mmoja anayeruka peke yake ana dakika tu.

Kwetu hapa, maiti inangojwa

Ziwa Kivu halikukosa siku zake. Mwezi wa nne 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia moja hawakuonekana tena. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe, akaamuru kila abiria avae jile. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangoja jamaa zao. Gavana wa Sud-Kivu alitangaza kwamba ndani mulikuwa watu 278, na hesabu yake ya kwanza ya wafu ilikuwa 78. Wengi walikuwa wamepanda boti sababu vita ilikuwa imefunga barabara.

Kati ya visa hivyo viwili kulikuwa kingine, ambacho hakikuanza ziwani. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mito ilishuka kwa hasira juu ya Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe, ikafagia nyumba, soko na watu mpaka majini. Zaidi ya watu 400 walikufa. Siku nyingi baadaye watu wa ngambo walikuwa wanaendelea kutafuta miili ndani ya ziwa.

Hapa njo tunafika kwenye jambo lenye uzito. Vijana wetu hawaingii majini tu kwa kuokoa wazima. Wanaingia kwa kutafuta wafu. Kwetu kilio bila maiti ni kilio kisichokwisha. Mama atakaa ngamboni siku tatu, siku nne, macho kwenye maji. Nani atamwambia aende nyumbani? Basi kijana mmoja anasema: "Miye najua mahali kalizama, naenda." Anaenda, upepo ukiwa unavuma, na hakuna anayethubutu kumzuia mbele ya yule mama.

Lakini ni vema tuseme wazi. Mwili uliozama mahali pafupi, mara nyingi maji yenyewe yanaurudisha juu kisha siku chache, sababu gazi zinauvimbisha ndani. Mwili ulioshuka kwenye kina kirefu unakandamizwa na uzito wa maji, gazi haina nguvu ya kuuinua. Mahali kama hapo hata mzamiaji mwenye chupa ya hewa hafiki, seuze kijana mwenye pumzi moja. Kumtuma kijana huko si heshima kwa marehemu. Ni kuongeza kilio juu ya kilio.

Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi

Wenye kuzamia kutoka ngambo, hapa na baharini kule Mombasa ao Zanzibar, wote wana kanuni moja: kabla ya kuuliza utaingilia wapi, uliza utatokea wapi. Wimbi linaweza kukusukuma nje ya mawe wakati wa kuingia, lakini wakati wa kurudi wimbi hilohilo linakupiga juu ya mawe, na saa hiyo umekwisha kuchoka, pengine umebeba mtu. Ukikosa mahali pa kutokea, usiingie. Tafuta nyuma ya rasi, tafuta ghuba ambako upepo haufiki, hata kama ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Dakika hizo tano si za kupoteza.

Simama kwanza, angalia maji. Mawimbi yanakuja kwa makundi: makubwa machache, halafu madogo. Anayeingia bila kuangalia anaweza kukutana na kundi la makubwa katikati ya mawe. Anayeangalia anajua nafasi iko wapi. Na wimbi likija mbele yako usilipokee kwa kifua. Pita chini yake, utokee nyuma.

Kisha kuna ngazi ya kuokoa ambayo kila mwanafunzi wa uokoaji duniani anafundishwa, na haihitaji feza. Ya kwanza: mfikishie fimbo, kasia, ao tawi la mti, wewe ukiwa umelala chini, usivutwe. Ya pili: mrushie kitu kinachoelea, chenye kamba. Ya tatu: mfuate kwa mtumbwi. Ya mwisho kabisa, zote zikishindikana: ogelea, lakini ukiwa na kitu kinachoelea mkononi. Sababu mtu anayezama hana akili tena. Atakupanda kichwani, awe ndugu yako, awe mtoto wako. Mpe kitu cha kushika kabla hajakushika wewe.

Bidoni ya njano na kamba

Kitu hicho kinachoelea tayari tuko nacho kila nyumba. Bidoni ya njano ya litre 20, tupu na kufungwa vizuri, inaweza kubeba majini uzito karibu kilo 20. Kichwa cha mtu kubaki juu ya maji kinahitaji msaada wa kilo chache tu, sababu mwili wenyewe unakaribia kuelea. Kwa hiyo watu wawili hata watatu wanaweza kujishikilia bidoni moja, mradi wasijaribu kuipanda. Weka kamba ya metre 30 kwenye mkono wa bidoni, una boya ya kuokolea. Acha maji kidogo sana ndani, itaruka mbali zaidi ukiitupa kuliko ikiwa tupu kabisa, maana upepo hautaipeperusha.

Na mtu wa kamba? Kazi yake ni nne. Anashika mwisho wa kamba, wala haiachi kwa sababu yoyote. Anaangalia mawimbi na kuita kundi kubwa likija. Anahesabu muda. Na anasimamia umati, ili watu kumi wengine wasijitupe majini kwa huruma. Anayeingia asijifunge kamba kwa fundo gumu, sababu kamba ikinasa kwenye jiwe itamshika chini. Aipitishe begani, ao aifunge kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Alama mkubaliane mbele, mkiwa bado nchi kavu: kuvuta mara ngapi ni "niko salama", mara ngapi ni "unirudishe". Katikati ya upepo hakuna anayesikia sauti.

Pumzi moja, kichwa kimoja

Kuna kosa ambalo wanaopiga mbizi bila chupa wanalifanya karibu wote, na waogeleaji wazuri ndio wa kwanza. Kabla ya kuzama wanapumua haraka haraka mara nyingi, wakifikiri wanajaza hewa. Kumbe hawaongezi oksijeni yenye maana, wanatoa tu gazi kaboniki mwilini, na gazi hiyo ndiyo inayoambia ubongo: "Rudi juu, upumue." Mtu anakaa chini anajisikia vizuri kabisa, oksijeni inakwisha, taa inazimika. Hapigi kelele, hapigi maji. Anazimia tu, mara nyingi akiwa karibu kufika juu.

Dawa yake ni nyepesi. Pumua kawaida, vuta moja ya mwisho, zama. Ukitoka, pumzika muda mrefu mara mbili kuliko ule uliokaa chini. Na pasikose mtu juu anayekuangalia, sababu aliyezimia majini anaweza kuamka akitolewa upesi. Aliye peke yake haamki. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenye chupa, muwe makini na mlima

Siku ingine watakuja watu wenye chupa za hewa, kwa kutafuta ao kwa kazi. Hao nao Ziwa Kivu lina somo kwa ajili yao. Kwa sababu tuko juu, hewa inayokandamiza ziwa letu ni kama asilimia 84 tu ya ile ya baharini. Majedwali ya kuzamia yamepangwa kwa bahari. Hapa kwetu metre 20 za kina zinahesabiwa kama metre 24 hivi, na mwenye kupanda juu bila kujua atapata maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo, sababu ya azoti inayogeuka mapovu katika damu. Ni kama chupa ya Primus unayofungua ghafla.

Na mbaya zaidi iko barabarani. Mtu anatoka majini Bukavu saa saba, saa nane anapanda pikipiki, anafika makutano ya Miti, anageuka kupanda Tshivanga, zaidi ya metre 2,000. Ao anaenda moja kwa moja kuchukua ndege. Wazamiaji wanangoja saa 12 mpaka 24 kabla ya kuruka. Mlima ni ndege ya polepole: unakupandisha bila wewe kusikia. Aliyetoka chini ya maji na aulale kando ya ziwa usiku ule.

Na gazi ya ziwa je?

Swali hili halikosi. Tangu mwaka wa 1935 mtafiti Mbelgiji Hubert Damas alipopima maji yetu, inajulikana kwamba chini kuna gazi nyingi sana, metani na gazi kaboniki. Rwanda inaifanya umeme pale Kibuye, kwenye mtambo wa KivuWatt. Lakini sehemu kubwa ya gazi hiyo iko chini ya metre 260. Anayezama metre tano ao kumi haigusi wala haiamshi.

Hatari ya gazi iko zaidi nchi kavu, kaskazini, upande wa Goma, Sake na ghuba ya Kabuno. Pale gazi kaboniki inatoka ardhini na kukaa kwenye mashimo na mabonde madogo. Watu wanaiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inaua anayeinama. Asubuhi bila upepo, ukiona ndege ao mbuzi wamekufa mahali pa chini karibu na maji, usishuke kuwaangalia. Kwetu kusini, adui mkubwa anabaki upepo, mawe, na kuingia peke yako.

Kila bandari ndogo ya ngambo inaweza kufanya jambo moja bila kungoja mradi wala msaada: bidoni mbili za njano, kamba ya metre 30 kwa kila moja, zimetundikwa mahali watu wote wanapajua, na watu wanne wanaojua zamu yao. Wasizikopeshe kuchota maji. Wajaribu siku moja kwa mwezi, ziwa likiwa limetulia: mmoja anaingia, mwingine anashika. Watoto wataangalia, watacheka, watajifunza. Na siku ziwa likichafuka, kijana akivua shati, ngambo nzima ijue kumuuliza swali moja kabla hajaruka: "Kamba yako, nani anaishika?"